Mwanga Unaoitosha Mimea ya Hewani Ndani ya Nyumba

Miongoni mwa mimea ya mapambo inayotunzwa ndani ya nyumba, mimea ya hewani ndiyo inayoonekana kutodai chochote, kwa kuwa haihitaji udongo wala chungu, na huweza kukaa juu ya kipande cha gogo, ndani ya kombe la pwani, au ikaning'inizwa kwa uzi ukutani. Kwa wataalamu wa mimea, hii ni jenasi ya Tillandsia, yenye spishi zaidi ya 600, nayo imo katika Bromeliaceae, ambayo ndiyo familia ya nanasi. Wepesi wa kuiweka popote ndio unaoiponza, kwani mwenye nyumba huichagulia mahali panapopendeza macho, akahesabu siku za kuipa maji, asijiulize kama mahali hapo pana mwanga wa kuiwezesha kujitengenezea chakula. Mmea unapokufa baada ya miezi kadhaa, lawama huangukia maji, ilhali mara nyingi maji yamemaliza tu kazi iliyoanzwa na uhaba wa mwanga.

Ni kweli kwamba hewa huupa mmea huu hewa ukaa, na kwamba mvua, umande na ukungu huupa maji pamoja na madini machache yaliyoyeyuka ndani yake. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kugeuka sukari bila nishati, na nishati hiyo hutokana na mwanga peke yake. Kazi ya kuunganisha maji na hewa ukaa kwa nguvu ya mwanga ili kupata sukari huitwa usanisinuru, nayo hutegemea klorofili, yaani chembe za rangi ya kijani zilizomo majanini, ambazo pamoja na rangi nyingine za jani hutumia mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, takriban ule ule ambao jicho la binadamu huuona. Muhogo una mizizi minene ya kuwekea akiba, na kitunguu kina tunguu lake. Tillandsia haina ghala kubwa la namna hiyo, kwa sababu mizizi yake, inapokuwapo, ni ya kujishikizia tu, na akiba yote iliyonayo imo katika majani yale yale yanayoonekana.

Mwanga wa huko zilikotoka

Asili ya Tillandsia ni bara la Amerika, kuanzia kusini mashariki mwa Marekani, kupitia Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, hadi Ajentina na Chile. Familia nzima ya Bromeliaceae ni ya bara hilo, isipokuwa spishi moja tu, Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye miamba ya Guinea katika Afrika Magharibi, kwa hiyo kila Tillandsia iliyopo leo Nairobi, Dar es Salaam au Muscat imefikishwa huko na binadamu. Nyingi huota juu ya matawi ya miti, lakini haziinyonyi miti hiyo kama vifanyavyo vimelea. Huuchukua mti kuwa mahali pa kukaa tu, na mimea yenye desturi hiyo, ikiwa ni pamoja na okidi nyingi za misitu ya Afrika Mashariki, huitwa epifiti.

Sababu ya mimea kuhamia juu ya miti imejadiliwa kwa muda mrefu, na mwanga umekuwa kiini cha mjadala huo. Mtaalamu wa Kijerumani A. F. W. Schimper, katika kitabu chake cha mwaka 1888 kuhusu epifiti za Amerika, alizieleza kuwa mimea iliyotoka katika giza la sakafu ya msitu ikapanda juu kuufuata mwanga. Miaka 60 baadaye, mwaka 1948, mwanabiolojia Colin Pittendrigh alitoa maelezo tofauti kuhusu familia ya Bromeliaceae, kwamba wahenga wake walikuwa mimea ya nchi kavu zenye jua kali, ambao walikuwa wamekwisha kuzoea ukame na mwanga mwingi kabla hawajakaa juu ya matawi, mahali ambapo maji ya mvua hutiririka na kukauka upesi.

Pittendrigh hakuanza kwa kupenda maua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa kisiwani Trinidad akishughulikia malaria, iliyokuwa ikienezwa huko na mbu Anopheles bellator, ambaye huzaliana katika maji yanayotuama kati ya majani ya mimea mikubwa ya Bromeliaceae, yaani bromelia, iliyojaa juu ya miti ya kivuli katika mashamba ya kakao. Ili kujua mbu walipo, ilimbidi kwanza ajue kila bromelia huota wapi na kwa nini, naye akazigawa katika makundi matatu kwa kigezo cha mwanga: zinazokaa mahali palipo wazi kabisa kwenye jua, zinazotaka jua lililopunguzwa kiasi na matawi, na zinazovumilia kivuli. Mgawanyo huo uliotokana na kazi ya kupambana na mbu unamfaa hata mtu mwenye mmea mmoja sebuleni, kwa sababu unaonyesha kwamba ndani ya familia hii hakuna kipimo kimoja cha mwanga kinachozifaa spishi zote.

Ndani ya jenasi ya Tillandsia yenyewe tofauti hizo ni kubwa. Tillandsia landbeckii huota juu ya mchanga mtupu katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, ambako hapana mti wa kuitia kivuli na maji yake yote hutoka katika ukungu wa bahari ya Pasifiki. Tillandsia ionantha, ambayo ndiyo ndogo maarufu kuliko zote madukani, hukaa katika misitu mikavu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambamo miti mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hata mmea uliokuwa kivulini msimu wa mvua ukajikuta katika mwanga mkali miezi inayofuata. Tillandsia bulbosa, yenye majani ya kijani yanayong'aa na yaliyojipinda, hupendelea mahali penye unyevu na mwanga uliochujwa na majani ya miti.

Jani linavyotoa habari

Mtu asiyejua jina la mmea wake anaweza kukisia mahitaji yake kwa kulitazama jani. Juu ya jani la Tillandsia kuna magamba madogo mno, yanayoitwa trikomu, ambayo ndiyo hunyonya maji badala ya mizizi, na ambayo pia ni kinga dhidi ya jua. Gamba likiwa kavu, seli zake za nje zilizokufa hujaa hewa na kuurudisha mwanga nje, ndipo jani huonekana jeupe au la kijivu. Likilowa, hujaa maji na kuuruhusu mwanga kupita, na mmea ule ule hugeuka kijani mbele ya macho ya anayeunyunyizia. Spishi zenye magamba mengi, kama Tillandsia xerographica ya maeneo makavu ya Meksiko na Amerika ya Kati, au Tillandsia tectorum ya milima ya Ekwado na Peru, iliyofunikwa na weupe kama sufi, zimeumbwa kwa mwanga mwingi, na zikiwekwa kivulini magamba hayo huzuia hata ule mwanga mchache unaozifikia.

Kwa hiyo, kadiri jani lilivyo jeupe, nene na gumu, ndivyo mmea unavyopaswa kusogezwa karibu na dirisha. Na kadiri lilivyo la kijani, laini na jembamba, ndivyo unavyoweza kuvumilia mwanga uliopungua na ndivyo jua la moja kwa moja linavyoweza kuudhuru. Hata hivyo, kuvumilia mwanga uliopungua si kuvumilia giza, na hata spishi za kijani kibichi hutoka katika misitu ambamo mwanga wa mchana, ingawa umechujwa, unazidi kwa mbali ule wa sebule nyingi.

Kazi ya mchana na kazi ya usiku

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani, yaani stomata, mchana ili kuingiza hewa ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi kwa joto la jua. Tillandsia nyingi za hewani hufanya kinyume: huvifungua usiku, wakati hewa ni ya baridi, huihifadhi hewa ukaa katika seli zake ikiwa asidi, kisha mchana huvifunga vitundu na kuigeuza akiba ile kuwa sukari kwa nguvu ya mwanga. Utaratibu huu, ambao wataalamu huuita kwa kifupi CAM, hutumiwa pia na nanasi. Dalili yake ilielezwa mapema katika karne ya 19 na Benjamin Heyne, aliyekuwa akichunguza mimea nchini India, alipoona kwamba majani ya mmea mmoja wenye majani manene yalikuwa makali kama limau asubuhi na kupoteza ukali huo kadiri mchana ulivyoendelea.

Utaratibu huo una maana tatu kwa mwenye kutunza mmea ndani. Kwanza, hewa iliyokusanywa usiku haina faida ikiwa mchana hauna mwanga wa kutosha kuigeuza sukari, kwa hiyo saa chache za mwangaza hafifu haziwezi kuziba pengo hilo. Pili, giza nalo ni sehemu ya lishe, na mmea unaoachwa chini ya taa usiku kucha huvurugiwa mzunguko wake. Tatu, kwa kuwa vitundu vimefungwa mchana, jani haliwezi kujipoza kwa kutoa mvuke kama lifanyavyo jani la mchicha. Juu ya mti upepo hulipoza, lakini nyuma ya kioo kilichofungwa joto lake hupanda haraka. Hiyo ndiyo sababu spishi inayostahimili jua wazi nje huweza kuungua ndani ya dirisha, na sababu ya tufe za kioo zinazopendwa na wauzaji wa mapambo kuwa mahali pabaya pa kuuweka mmea mbele ya jua.

Jicho linavyodanganya

Kikwazo kikubwa cha kukadiria mwanga wa chumba ni jicho lenyewe, ambalo hujirekebisha kwa kupanua mboni na kuongeza wepesi wake wa kuhisi, hata chumba hafifu kikaonekana na mwanga wa kawaida baada ya dakika chache. Tofauti halisi hujitokeza kwa kipimo cha luksi, ambacho hueleza kiasi cha mwanga unaoangukia eneo fulani kwa namna jicho linavyouhisi. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hutoa karibu luksi 100,000. Kivuli kilicho wazi kwa anga kinaweza kuwa na luksi 10,000 au zaidi. Ofisi yenye taa za kutosha huwa na luksi 300 hadi 500. Na sebule ya usiku mara nyingi haifiki luksi 150. Mtu anayetoka uani kuingia ofisini huona amepata nafuu ya macho tu, ilhali mmea ungekuwa umepoteza sehemu 199 kati ya 200 za nishati yake.

Umbali kutoka dirishani huzidisha upungufu huo, kwa sababu mwanga wa mchana ndani ya nyumba hutegemea ukubwa wa sehemu ya anga inayoonekana kutoka pale mmea ulipo. Kwenye ukingo wa dirisha anga huchukua nafasi kubwa. Mita 2 au 3 ndani ya chumba, sehemu hiyo imekwisha kupunguzwa na ukuta, upenu wa paa, mti wa uani au jengo la jirani, na mwanga umeshuka mara kadhaa. Wavu wa mbu, nondo, pazia na vioo vyenye rangi ya giza hupunguza tena kila kimoja kwa kiasi chake. Kipimo rahisi kisicho na gharama ni kuweka mkono juu ya mahali panapokusudiwa, katikati ya mchana, na kutazama kivuli chake: kivuli chenye kingo wazi huonyesha mwanga mkali, chenye kingo hafifu huonyesha mwanga wa wastani unaozifaa spishi za kijani, na kama hakuna kivuli kinachotambulika, mahali hapo hapafai kwa Tillandsia yoyote bila taa. Programu za simu zinazopima luksi nazo husaidia, hasa kulinganisha sehemu mbili za chumba kimoja.

Dirisha lipi, na katika nchi ipi

Vitabu vingi vya bustani za ndani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na ushauri wake wa kwanza ni kuuweka mmea kwenye dirisha la kusini. Ushauri huo ni sahihi kwa msomaji aliye London au Chicago, lakini haufai kuhamishiwa Afrika Mashariki jinsi ulivyo. Mjini London, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho upande wa kusini, kwa hiyo kupitia dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2 kutoka sakafuni miale yake huweza kufika zaidi ya mita 7 ndani ya chumba. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwishoni mwa Juni huwa upande wa kaskazini kwa takriban nyuzi 60, na kupitia dirisha la kimo hicho huingia kama mita 1.2; mwishoni mwa Desemba huwa kusini kwa zaidi ya nyuzi 73, na huingia kama mita 0.6, tena ikiwa upenu wa paa haujalizuia kabisa.

Karibu na ikweta, basi, madirisha ya kaskazini na kusini hupokea zaidi mwanga wa anga kuliko jua lenyewe, na yanayopigwa na jua la moja kwa moja ni ya mashariki asubuhi na ya magharibi alasiri. Jijini Nairobi, lililo karibu zaidi na ikweta, jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kwa takriban nusu ya mwaka na upande wa kusini kwa nusu nyingine, hivyo pande hizo mbili hazipishani sana. Dirisha la mashariki ndilo linalofaa zaidi kwa spishi nyingi, kwa kuwa jua la saa mbili au saa tatu za asubuhi lina mwanga wa kutosha kabla kioo na hewa havijapata joto. Dirisha la magharibi linaweza kuzifaa spishi nyeupe kama xerographica, iwapo linafunguliwa kupitisha upepo au lina pazia jepesi, lakini spishi za kijani huwa hatarini hapo. Dirisha la kaskazini au kusini huzifaa spishi za kijani na za wastani, mradi mmea uwe kwenye ukingo wake na si juu ya meza iliyo katikati ya chumba. Baraza iliyoezekwa na iliyo wazi upande mmoja mara nyingi hushinda madirisha yote, kwani huunganisha mwanga wa anga na upepo. Kwa msomaji aliye Muscat, ambako jua la Juni hupita karibu utosini na joto la nje ni kali, tahadhari kuu ni joto la kioo wakati wa kiangazi. Kwa aliye Ulaya Kaskazini, tatizo ni majira ya baridi, ambayo hata dirisha la kusini huenda lisiyatosheleze.

Mwanga wa taa

Penye upungufu, taa huweza kuchukua nafasi ya dirisha, kwa sharti kwamba iwe karibu. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, yaani umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo, na ndiyo maana taa ya dari inayomtosha msomaji wa gazeti haiulishi mmea uliowekwa rafuni. Taa nyeupe za LED hufaa, kwa sababu hutoa mwanga wa bluu na mwekundu ambao klorofili huutumia zaidi, bila joto la taa za zamani za nyuzi. Hata hivyo taa zenye nguvu nazo hupata joto, na jani lisiachwe kuzigusa. Umbali wa sentimita 20 hadi 30 hufaa kwa taa nyingi za kawaida za mimea, na muda wa saa 12 hadi 14 kwa siku, ukifuatwa na giza kamili, hukaribia mchana wa nchi za tropiki.

Dalili za mwanga kupungua au kuzidi

Kila mmea una kiwango cha mwanga ambacho sukari inayotengenezwa hulingana na ile inayotumika kwa kupumua, na chini ya kiwango hicho mmea huishi kwa kula akiba yake. Kwa kuwa Tillandsia hukua polepole, kupungua huko huweza kuchukua miezi mingi bila kuonekana, hivyo mmea uliokaa nusu mwaka juu ya kabati huonekana umeridhika hapo, kumbe unaisha. Dalili zake ni majani mapya kuwa marefu na malegevu kuliko ya zamani, umbo la mmea kufunguka, rangi ya kijivu kugeuka kijani kilichokolea, na mmea uliokomaa kutotoa maua wala machipukizi. Mwanga hafifu huzuia pia maji kukauka, kwa kuwa mahali penye giza kwa kawaida huwa baridi na hewa yake imetulia. Maji yanayobaki kati ya majani huozesha kitovu, na mwenye mmea huamini ameumwagilia kupita kiasi, wakati kiasi kile kile kingekauka kwa saa chache dirishani. Ndiyo maana inashauriwa kuupa maji asubuhi, ukauke kabla ya jioni, kwani utando wa maji juu ya jani usiku huzuia vitundu kuingiza hewa.

Mwanga uliozidi hujionyesha upesi zaidi, kwa madoa meupe au ya kahawia upande unaotazama jua na ncha zilizokauka, na jani lililoungua halirudi kuwa zima. Wekundu peke yake si ugonjwa, kwa sababu spishi kama ionantha hugeuka nyekundu zinapokaribia kuchanua. Mmea ulionunuliwa kutoka kitalu chenye neti ya kivuli, au uliokaa muda mrefu chumbani, hauna budi kuzoeshwa kwa kusogezwa hatua kwa hatua katika muda wa wiki mbili au tatu, ili majani yapate nafasi ya kujirekebisha.

Kutokana na hayo, uamuzi muhimu zaidi hufanywa kabla ya kununua, kwa kuanza na dirisha lililopo kisha kuchagua spishi inayolifaa. Nyumba yenye dirisha la mashariki inaweza kutunza ionantha, Tillandsia stricta na nyingine nyingi za wastani. Yenye kivuli chepesi ichague bulbosa na jamii zake za kijani. Na xerographica, ambayo hukua polepole sana na biashara yake ya kimataifa husimamiwa chini ya mkataba wa CITES kwa sababu ilichumwa mno porini, iachiwe mtu mwenye baraza au dirisha lenye jua na upepo. Chumba kisicho na anga inayoonekana kihesabiwe kuwa kinahitaji taa, na gharama ya taa hiyo ihesabiwe pamoja na bei ya mmea.